Aldabra, kwao kobe wa Changuu

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomesha jiografia katika skuli moja hapa Unguja, na kila mwaka tunawachukua wanafunzi kisiwani Changuu kuwatazama kobe. Mtembezaji hutuambia asili ya kobe hawa ni Shelisheli, kisiwa kinachoitwa Aldabra. Safari hii wanafunzi walinibana: Aldabra iko wapi hasa, wanaishi watu gani, na kwa nini kobe wakubwa wabaki huko tu na kwengine kote wamalizike? Kijana mmoja akauliza kama kobe anaweza kuogelea kutoka huko mpaka huku. Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. – Mwalimu, Unguja

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kwanza kamwombe radhi huyo kijana mbele ya wenzake. Swali lake ndilo zito kuliko yote, na jibu lake ni ndiyo: kobe amewahi kuvuka.

Desemba 2004, pale Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mkubwa alitoka baharini akapanda ufukweni kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa kasa. Alikuwa kobe wa nchi kavu, wa aina ileile mnayoikuta Changuu. Alikuwa amekonda, na miguu yake ilikuwa imeota wale wadudu wa bahari wenye magamba ambao wavuvi huwakwangua kwenye matumbo ya vyombo vilivyokaa sana majini. Watafiti waliangalia ukubwa wa wadudu hao, wakapiga hesabu ya muda wanaohitaji kukua, wakaona kwamba mnyama yule alikaa majini wiki sita au zaidi. Sasa, ametoka wapi? Upande ule ambako mikondo inatokea, kobe wa aina hiyo wanaishi porini kwa maelfu mahali pamoja tu, nako ni Aldabra, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kimbiji. Kisa hicho kilichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2006, kikiwa cha kwanza chenye ushahidi kwamba kobe amevuka bahari akafika akiwa hai.

Kuogelea, kwa kweli, hakuogelea. Kobe huyu huelea. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba, shingo yake ndefu humwezesha kushika pua juu ya mawimbi, na tumbo lake linaweza kukaa miezi bila chakula. Kilichobaki hufanywa na maji. Mkondo wa Ikweta ya Kusini huja kutoka mashariki, hupita juu ya ncha ya Madagaska, hugonga pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, kisha tawi moja hupanda kaskazini kupita Mafia, Dar es Salaam na kwenu Unguja. Mimi ni mtu wa Mafia. Kwetu magogo na minazi ya watu tusiowajua hupanda pwani kila msimu, hatuulizi sana. Kobe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mwambie basi kila mmoja afungue ramani, aweke kidole Mtwara, akipeleke mashariki huku akikipandisha kidogo sana. Ataipita Komoro ikiwa upande wa kusini, na kabla hajafika usawa wa ncha ya Madagaska atakuta vitone vinne: Aldabra, Assomption, Cosmoledo na Astove. Kwa bendera ni Shelisheli. Kwa maji ni majirani zetu. Kutoka Aldabra hadi Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, ni zaidi ya kilomita 1,100. Hadi Mtwara hazifiki 700. Hata Unguja iko karibu zaidi na Aldabra kuliko Victoria ilivyo. Ukiwapa wanafunzi rula wakapima wenyewe, hawatasahau.

Aldabra ni atoli, yaani kisiwa cha matumbawe kilichojikunja kama pete na kuzungusha ziwa la maji ya chumvi katikati. Urefu wake ni kilomita 34 na upana wake kama 14, na nchi kavu yake ni kilomita za mraba 155, miongoni mwa atoli kubwa kabisa duniani. Pete yenyewe imekatika vipande vinne: Grande Terre upande wa kusini, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote, Malabar upande wa kaskazini, kisha Polymnie kidogo, na Picard upande wa magharibi. Chini ya vyote hivyo upo mlima wa volkano uliozama. Kanuni ya atoli Charles Darwin aliieleza mwaka 1842: volkano inadidimia polepole, matumbawe yanayoizunguka yanajenga kwenda juu yakifuata mwanga, mwisho mlima unapotea na pete inabaki.

Lakini Aldabra ina jambo lake. Atoli nyingi, za Maldivi kwa mfano, ni mchanga ulioinuka mita moja au mbili tu juu ya bahari. Aldabra ni jiwe, na jiwe hilo limesimama hadi mita 8. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na miamba hii ilikuwa hai chini ya maji. Kisha enzi ya barafu ikayafunga maji mengi ya dunia kwenye nchi za baridi, bahari ikashuka, matumbawe yakaachwa juani yakafa. Tangu hapo mvua inayala.

Kama una wanafunzi wa Makunduchi au Kizimkazi, hao wameshaijua nusu ya Aldabra bila kupanda chombo. Ni maweni. Jiwe lilelile la matumbawe lenye matobo, ncha na makali, ambalo ukianguka unainuka na damu, isipokuwa la Aldabra limechongoka zaidi na limetanda kilomita kwa kilomita bila shamba wala njia. Wafanyakazi wa Kishelisheli waliliita champignon, uyoga, na pale palipokuwa tambarare kidogo wakapaita platin. Kiatu cha kawaida hakimalizi wiki. Mvua huja wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini haikai juu: inazama kwenye matobo ikachanganyika na chumvi. Kusi likianza kuvuma, madimbwi yanakauka moja baada ya jingine. Mto hakuna. Kijito hakuna. Mtu anayetaka kulima pale atangoja sana.

Ziwa la ndani lina maisha yake, na mtu wa pwani angelipenda kabla ya kitu kingine chochote. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita tatu, na maji yote hayo hayana pa kupita ila milango michache iliyokatwa kwenye pete. Mlango mkuu, Grande Passe, peke yake hupitisha zaidi ya nusu. Hebu fikiri ziwa zima likijimwaga kupitia mlango mmoja: maji yanakimbia kama mto wa masika, na chombo kisicho na mashine ya nguvu hakithubutu kuyakabili, hungoja yageuke. Yakishapwa, sehemu kubwa ya ziwa hubaki kavu, na vijisiwa vya mawe vilivyoliwa chini husimama juu ya miguu myembamba, kichwa kikubwa kisichoeleweka kinakaaje. Yakijaa, papa na taa huingia nayo kutafuta chakula kwenye mikoko. Nguva wachache bado wanaonekana humo, na hilo kwa bahari yetu hii si jambo dogo.

Ziwa hilo huenda ndilo lililokipa kisiwa jina. Ramani za Wareno za mwanzoni mwa karne ya 16 zimeshakiandika, na jina walilolipata kwa mabaharia waliowatangulia linasikika kuwa la Kiarabu. Maelezo ni mengi. Ninalolielekea mimi ni lile linalolihusisha na al-Khadhraa, ya kijani, kwa sababu mwanga wa maji ya ziwa hupiga mawingu kwa chini yakaonekana ya kijani kutoka mbali kabla kisiwa hakijaonekana. Na Wapemba watacheka hapa, maana Pemba nayo Waarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, al-Jazira al-Khadhraa. Ya Pemba ni miti. Ya Aldabra, kama maelezo haya ni kweli, ni kivuli cha maji juu ya wingu.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, kwa nini kobe walibaki huko. Wakati mmoja kobe wakubwa walijaa magharibi yote ya Bahari ya Hindi: Madagaska, Mauritius, Réunion, Rodrigues na visiwa vya Shelisheli vya karibu na Mahé, kisiwa chao kikuu. Wa Aldabra na wa Shelisheli asili yao ni Madagaska, na visiwani walifika kwa njia aliyofika nayo yule wa Kimbiji, kwa kusombwa. Mifupa iliyopatikana ndani ya mawe ya Aldabra inaonyesha kwamba kobe walifika huko si chini ya mara tatu, maana bahari ikipanda kisiwa huzama na wote hufa, ikishuka huja wengine. Ndiyo maana nimesema yule kijana ameuliza swali zito.

Madagaska kobe hao walimalizika baada ya watu kufika. Visiwa vingine viliwaona wa kwao wakimalizwa na majahazi ya Ulaya. Kwa baharia wa karne ya 18, kobe alikuwa nyama isiyooza: unamlaza chali ndani ya ngama, humpi maji wala majani, na baada ya miezi miwili bado yu hai na bado ana mafuta. Meli za Kifaransa zilibeba maelfu kutoka Rodrigues kupeleka Mauritius. Kufikia katikati ya karne ya 19 hesabu ilikuwa imefungwa: Mauritius hakuna, Réunion hakuna, Rodrigues hakuna, na kwenye milima ya Shelisheli waliobaki walikuwa wa kufugwa uani. Meli zikageukia Aldabra.

Huko zikakutana na jiwe. Kobe wa ufukweni walichukuliwa, na walichukuliwa wengi hata ikafika wakati mtu anakaa siku kadhaa asimwone hata mmoja. Lakini wa ndani ya Grande Terre nani atamfuata? Kobe dume ana uzito wa gunia na zaidi, na ukimpata huko ndani ni lazima umbebe kilomita nyingi juu ya ncha za mawe, saa sita ya mchana, bila tone la maji. Wawindaji walihesabu gharama wakaacha. Mwaka 1874 Darwin, pamoja na Joseph Hooker, Richard Owen na wanasayansi wenzao, walimwandikia gavana wa Mauritius, ambayo wakati huo ndiyo iliyotawala Shelisheli, wakimwomba awahifadhi kobe wa Aldabra kabla hawajaisha. Baadaye James Spurs, mkodishaji wa kisiwa mwishoni mwa karne hiyo, alipiga marufuku kuwaua. Barua na marufuku vilisaidia, sikatai. Ila navipa nafasi ya pili. Ya kwanza nalipa jiwe.

Anayenibishia namtuma Assomption, kisiwa cha jirani kilichoko kilomita chini ya 30 kutoka Aldabra. Huko jiwe ni jepesi zaidi na juu yake palikuwa na samadi ya ndege iliyorundikana karne kwa karne, mbolea ghali wakati ule. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 watu walichimba mpaka kisiwa kikabaki kama kiwanja. Kobe wa asili hawapo, ndege aliyekuwa wa kisiwa hicho pekee hayupo, miti ya zamani haipo. Bahari ni hiyohiyo na mvua ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba Assomption palikuwa na kitu cha kuchukua na njia ya kukichukulia.

Mwalimu umeuliza pia kuhusu watu. Wenyeji, kwa maana ya watu waliozaliwa hapo na kuzikana hapo ukoo kwa ukoo, Aldabra haijawahi kuwa nao. Waliokuwapo ni wafanyakazi wa mkataba kutoka Mahé na visiwa vyake, waliowekwa Picard penye kijiji kidogo cha nyumba za mbao, minazi, kikanisa na, kama ilivyokuwa desturi ya visiwa vya kukodi, chumba cha kumfungia mkaidi. Walikausha mbata. Walibandua magome ya mikoko ya kutengenezea ngozi. Walikusanya majongoo ya bahari. Kazi kubwa, hata hivyo, ilikuwa kasa. Majike yalipopanda mchangani usiku kutaga yalipinduliwa chali, na asubuhi yakachinjwa au yakapakiwa melini yakiwa hai. Sehemu iliyothaminiwa kuliko nyama ni ule utando wa gegedu wa tumboni, kalipe kwa Krioli, lugha ya Washelisheli, uliokaushwa na kusafirishwa hadi Ulaya kwa supu ya matajiri. Jambo la kushangaza ni kwamba katika kipindi kilekile ambacho kobe alilindwa, kasa aliendelea kuchinjwa. Kinga yake Aldabra ilikuja mwaka 1968, na tangu hapo majike yanayopanda kutaga yameongezeka mara kadhaa.

Watu hao ni wa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mababu wa Washelisheli wengi ni watumwa waliochukuliwa Msumbiji, Madagaska na pwani hii ya kwetu tangu Wafaransa walipoanza kuishi visiwani mwaka 1770. Kisha kuanzia mwaka 1861 manowari za Uingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu ziliwateremsha Mahé watu zaidi ya elfu mbili waliookolewa, wengi wao wakitokea bara ya nyuma ya pwani hii. Hawakurudishwa kwao. Waliwekwa mashambani. Ngoma yao ya usiku, mutya, inayopigwa kwa ngoma ya ngozi ya mbuzi iliyopashwa moto, ilipigwa marufuku na wakubwa kwa muda mrefu, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wana pia chombo cha uzi mmoja na kibuyu kinachoitwa zez. Mwalimu wa Unguja sina haja ya kumwambia zez ni nini.

Walichokiacha Aldabra zaidi ni majina. Mahali fulani mashariki ya Grande Terre panaitwa Cinq Cases, vibanda vitano. Pengine panaitwa Bassin Cabri, dimbwi la mbuzi, kwa sababu mbuzi waliachiwa porini ili mabaharia wapitao wapate nyama, wakazaana, wakawa wanawanyang'anya kobe majani na vivuli. Mbuzi wa mwisho aliondolewa mwaka 2012. Vivuli nimevitaja kwa makusudi: kobe wa Aldabra akikosa mti ifikapo mchana, jua humpika ndani ya gamba lake akafa. Asubuhi wanakula, jua likipanda unawaona wanarudi, wanajisukuma chini ya mti mmoja makumi kwa makumi, magamba yakigongana, anayechelewa anakaa pembeni huku nusu ya mwili ikiwa juani.

Kisiwa kilikaribia kupotea mara moja tu katika karne ya 20, na si kwa mkono wa mwindaji. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Aldabra pamoja na visiwa vya Chagos, Farquhar na Desroches ikaunda koloni jipya la Bahari ya Hindi, na haikuchukua muda mipango ya uwanja wa ndege wa kijeshi ikatokeza. Njia ya ndege ingepita juu ya jiwe la kobe, na mlango wa ziwa ungefungwa kwa boma la kupitishia barabara. Wanasayansi wa Uingereza wakapiga kelele, wa Marekani wakawaunga mkono, mbunge Tam Dalyell akaiandama serikali kwa maswali bungeni. Novemba 1967 pauni ikashushwa thamani, bajeti ikakatwa, mpango ukafa. Uchumi uliiokoa Aldabra kama vile kelele zilivyoiokoa.

Hapa huwa nasimama kidogo. Wanajeshi walibaki na Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos. Huko hapakuwa na kobe wa kutetewa na maprofesa. Palikuwa na watu, kati ya elfu moja na nusu na elfu mbili, Wakrioli waliozaliwa hapo, na wao pia mababu zao ni wa Afrika na Madagaska. Kati ya mwaka 1968 na 1973 waliondolewa wote wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Barua kama ile ya 1874 hawakuandikiwa. Ukiwasomesha vijana habari ya Aldabra, tafadhali usiiache hiyo.

Aldabra ilirudi Shelisheli siku ya uhuru, Juni 29, 1976. Kituo cha utafiti kilichojengwa Picard mwaka 1971 na Royal Society ya London kilikabidhiwa kwa Seychelles Islands Foundation, wakfu ulioundwa mwaka 1979, na mwaka 1982 UNESCO ikakiingiza kisiwa katika Urithi wa Dunia. Wakaazi wa leo ndio hao wa kituoni, watu wachache, walinzi na watafiti, wengi wao Washelisheli. Chakula huletwa kwa meli mara chache kwa mwaka. Kila kunapokucha wengine wanahesabu nyayo za kasa mchangani, wengine wanapima kobe. Kobe wanakadiriwa kufika laki moja, wengi kuliko watu wote wanaoishi Mahé.

Kuna mkaazi mwingine ambaye wanafunzi watampenda: ndege mdogo wa jamii ya kukuziwa, mwekundu kwa kichwa na kifua na mweupe kwa koo, ambaye hawezi kuruka. Ndiye wa mwisho asiyeruka katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Babu zake waliruka kutoka Madagaska, wakakuta hakuna adui, mabawa yakapungua nguvu kizazi hadi kizazi. Bahari ikapanda, kisiwa kikazama, wote wakafa. Kisiwa kilipoibuka tena wakaja wengine wenye kuruka, na hao nao mabawa yakawapungukia vilevile. Mwaka 2019 wataalamu wawili walilinganisha mifupa ya kale na ya leo wakaonyesha kwamba jambo hilo limetokea mara mbili, kwa ndege wa ukoo uleule, kwenye jiwe lilelile. Huko Picard paka walioletwa na watu waliwamaliza. Mwaka 1999 wachache walichukuliwa Malabar wakarudishwa, na wameshazaana.

Jiwe linamzuia mtu, takataka hazizuii. Mwaka 2019 vijana 12 wa kujitolea kutoka Shelisheli na Uingereza walikaa wiki tano wakiokota plastiki kwenye fukwe za Aldabra. Waliondoa tani 25. Watafiti walipokadiria kilichobaki walipata zaidi ya tani 500. Kwa uzito, sehemu kubwa kabisa ni nyavu, kamba na vifaa vya meli za uvuvi. Kwa hesabu ya moja moja, kandambili zinatia aibu: zilizobaki pekee zilikadiriwa laki tatu na nusu na zaidi. Kusi linavuma kutoka kusini mashariki, na fukwe zinazolikabili ndizo zinazokusanya. Wengi wanaozitupa wako mbali sana, Indonesia na kwingineko mashariki, lakini sisi tusijitoe haraka. Kasa jike anayepanda kutaga sasa anapenya kwenye makamba, na kuna anayekwama akafia hapo.

Kuhusu kwenda: hakuna hoteli wala uwanja wa ndege Aldabra, na anayeingia ni kwa kibali. Wachache wanaofika hulala kwenye chombo kilichowaleta, hasa msimu wa kaskazi bahari inapotulia. Uwanja wa ndege wa karibu uko Assomption, ambako hivi karibuni mradi wa hoteli ya kifahari umezua mabishano makubwa Shelisheli, kwa hofu ya panya, mbegu na wadudu wageni watakaovuka hizo kilomita chache. Mimi mwenyewe Aldabra sijaikanyaga. Nimeisoma miaka thelathini na nimeipita usiku mmoja mbali na meli ya utafiti, sikuona hata taa.

Kwa hiyo Changuu ndiyo Aldabra yenu, na si haba. Wa kwanza walikuwa wanne, zawadi ya gavana wa Shelisheli mwaka 1919. Wakazaana wakafika mamia, kisha wezi wakaanza kuwauza nje, na mwaka 1996 walibaki saba. Ukuta na ulinzi mnaouona leo ulikuja baada ya hapo, pamoja na watoto wa kobe walioletwa upya. Zile namba zilizopakwa rangi kwenye magamba, mtembezaji akikwambia ni umri, mwachie. Aliyezaliwa kizuizini huweza kuwa na cheti. Aliyekuja mkubwa hakuna anayejua. Mistari ya gamba haihesabiki kama ya mti, mzee husuguka akawa laini kama kokoto.

Mkifika tena, chagueni siku ambayo mvua imenyesha kidogo. Tafuteni kobe aliyekuta maji yamekaa kwenye jiwe, kina cha kidole. Hainamishi mdomo kama ng'ombe. Hupeleka pua yote chini akavuta maji kwa matundu ya pua mpaka jiwe likauke. Hiyo ni adabu ya mahali pasipo mto. Kisha mpe yule kijana nafasi ya mbele, amkune kobe taratibu pale shingo inapoingia kwenye bega, kwa ruhusa ya mtunzaji. Atasubiri kidogo. Kobe atanyoosha miguu yote minne, ainue mwili mzima kutoka chini, atoe shingo yote, ndefu kuliko alivyofikiri, na atulie hivyo kichwa kikiwa juu, macho nusu yamefumbwa. Mwambie hiyo ndiyo shingo aliyokuja nayo yule wa Kimbiji.